Tuirekebishe Lugha ya Sindano ya Kuzuia Mimba

Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022, sindano ndiyo njia ya kisasa ya kuzuia mimba iliyotumiwa na wanawake wengi zaidi walio katika ndoa humu nchini. Matabibu wameichunguza dawa hiyo kwa miongo mingi, nami sina nia ya kuwaingilia katika kazi yao. Ninalotaka kulijadili ni maneno yanayotumika kuieleza, kwa maana dawa iliyo salama mkononi mwa muuguzi yaweza kumdhuru mtu ikielezwa kwa maneno yenye utata.

Tuanze na neno "kinga". Tangu enzi za kampeni za kwanza dhidi ya UKIMWI, "kutumia kinga" kumekuwa na maana ya kutumia kondomu. Neno hilohilo hutumika kwa chanjo na kwa uwezo wa mwili wa kupigana na maradhi. Likiwa peke yake lina utata, seuze likiambatanishwa na sindano, chombo ambacho tangu utotoni tumekijua kuwa cha chanjo! Mwanafunzi wa chuo aliyedungwa na kuambiwa kuwa sasa ana kinga, atajuaje kwamba amezuia mimba pekee, wala si virusi vya UKIMWI, kaswende au kisonono?

Hofu yangu si ya kubuni. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa 2019 uliwahusisha wanawake 7,829 wa Kenya, Afrika Kusini, Zambia na Eswatini, na Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Ulionyesha kwamba hapakuwa na tofauti kubwa ya maambukizi baina ya waliodungwa sindano na waliotumia koili au vijiti vya mkononi. Habari hiyo ilipokelewa kwa shangwe, na ilistahili. Ila uchunguzi huohuo ulionyesha kuwa wanawake 397 waliambukizwa virusi, ijapokuwa walipewa ushauri na kondomu. Basi sindano na iitwe ya kuzuia mimba, na "kinga" iachiwe kondomu.

Utata wa pili umo katika hesabu ya miezi. Aina iliyozoeleka zaidi, ambayo wengi huiita Depo, hudungwa kila baada ya miezi mitatu, yaani wiki 13. Mwanamke aliyedungwa Januari 20 akiambiwa arudi "mwezi wa tatu", huenda akafika Machi mosi, kwa kuwa Machi ndio mwezi wa tatu. Mwenzake aliyeambiwa arudi "baada ya miezi mitatu" aweza kufika mwisho wa Mei, wala kisarufi hajakosea. Wa kwanza amewahi mno, wa pili amechelewa. Shirika la Afya Duniani huruhusu sindano irudiwe hadi wiki 2 kabla ya siku yake au wiki 4 baada yake. Aliyepitisha wiki hizo 4 hastahili kufukuzwa: ihakikishwe kwamba hana mimba, adungwe, kisha atumie kondomu kwa siku 7. Miongoni mwa wanawake 100 wanaotumia sindano, takriban 4 hushika mimba katika mwaka wa kwanza. Wakidungwa kwa wakati, hawafiki hata 1. Aidha ipo aina nyingine ya miezi miwili. Kadi na iandikwe jina la dawa na tarehe kamili ya kurudi.

Kisha lipo neno "kufunga". Kufunga uzazi ni upasuaji wa kudumu, lakini mitaani sindano nayo husemwa kuwa inafunga. Ilivyo ni kwamba anayeiacha Depo hungoja, kwa wastani, kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho kabla ya kushika mimba. Katika kipindi hicho majirani huwa wamekwisha kutoa hukumu kuwa amefungwa. Hata hedhi ikivurugika au kukatika, husemwa kwamba damu imefungika tumboni. Hakuna damu iliyokwama: homoni hufanya utando wa ndani ya mfuko wa uzazi kuwa mwembamba, na hivyo huwa hakuna cha kutoka.

Sisi walimu wa Kiswahili hufundisha tafsida, nayo ina mahali pake. Hata hivyo, nina shaka na tafsida zinazoingia katika chumba cha muuguzi. Msichana anayenong'ona dukani kwamba anataka "ile ya kupanga" haulizwi kama shinikizo lake la damu limefika 160/100, kama amewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, moyo au ini, kama anatokwa na damu ukeni bila sababu kujulikana, au kama ananyonyesha mtoto ambaye hajatimiza wiki 6. Haambiwi kwamba matumizi ya muda mrefu hupunguza uzito wa mifupa, ambao kwa kawaida hurejea baada ya kuiacha. Wala hasikii kuhusu utafiti wa Ufaransa wa 2024 uliohusisha matumizi ya zaidi ya mwaka mmoja na aina fulani ya uvimbe katika utando wa ubongo, ugonjwa ambao hata hivyo ni wa nadra.

Suala hili litazidi kuwa zito. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba mwanamke aliyefunzwa aweza kujidunga mwenyewe ile aina inayoingizwa chini ya ngozi. Atakuwa chumbani na sindano na karatasi ya maelezo, bila muuguzi wa kumfafanulia "mwezi wa tatu" ni upi. Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zina wataalamu wa istilahi na tafsiri. Na waketi na wauguzi, waipitie karatasi hiyo neno kwa neno, kisha wampe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aisome na kueleza alichokielewa kabla haijapigwa chapa.