Mama yuko Kyerwa, watoto mko mjini: msaada unaanzia wapi?

Msomaji mmoja anayeishi Mwanza ameniuliza swali ambalo naamini wengi wenu mnalo. Mama yake ana miaka 74, anaishi na wajukuu wawili huko Kaisho, wilayani Kyerwa. Presha inampanda, magoti yanamsumbua, na kila akienda zahanati anarudi na karatasi ya dawa za kununua. Watoto wako watano, wote mjini, na kila mwisho wa mwezi wanatuma chochote kwenye simu. "Hivi kule nyumbani," anauliza, "kuna ofisi yoyote inayosaidia wazee, au tuendelee kutuma hela tu?"

Zipo. Ila karibu zote zinaanzia kijijini, na mtoto aliye mjini huwa hazijui. Mama naye, hata akizijua, hana nguvu ya kuzifuatilia.

Kwanza hakikisheni mnakwenda wilaya sahihi. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012, na wengi wetu bado tunasema "Karagwe" tukimaanisha kote. Matokeo yake mtu wa Kaisho, Nkwenda au Murongo anapanda bodaboda na mama mgonjwa hadi Kayanga, kisha anaambiwa faili lake liko Rubwera. Wa Nyaishozi, Bugene au Omurushaka, Kayanga ndiyo kwao. Kwenye halmashauri zote mbili muulizieni Afisa Ustawi wa Jamii. Huyo ndiye kazi yake wazee, na si lazima mzee mwenyewe aende. Mtoto anaweza kwenda au kupiga simu.

Lakini kabla ya afisa huyo kuna mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na inasema wazee wasio na uwezo watibiwe bure kwenye vituo vya serikali. Majina yanatoka kijijini, halmashauri inatoa kitambulisho cha matibabu. Mama ambaye jina lake halikuandikwa siku ile orodha inapita hana kitambulisho, hata kama ana miaka 90 na kila mtu anamfahamu.

Hapo kwenye "wasio na uwezo" ndipo maneno yanapoanza. Kijiji kitasema, huyu ana watoto watano mjini na nyumba yake ina bati jipya. Mimi sioni ubaya kijiji kikisema hivyo, maana kipo kikongwe mwingine jirani ambaye watoto wake wote wamezikwa. Msimfundishe mama kudanganya. Elezeni hali ilivyo: nani anatuma, kiasi gani, na dawa za presha za mwezi zinagharimu kiasi gani. Halafu kijiji kiamue.

Na kitambulisho chenyewe hakileti dawa. Kinamwezesha kumwona daktari bila kulipa na kupata dawa iliyopo. Isipokuwepo, ataandikiwa akanunue duka la dawa, na hapo ndipo hela yenu inapohitajika hasa. Kwa hospitali za kanisa, kama Nyakahanga iliyo chini ya KKKT Dayosisi ya Karagwe, ulizeni mapema kitambulisho kinalipia huduma zipi, msije mkagombana na mhasibu wakati mama amelala benchi. Mkifika hospitali yoyote ulizieni dirisha la wazee. Yale maandishi ya "Mpishe mzee apate huduma kwanza" hayakubandikwa kuwa pambo.

Wengi pia wananiuliza kuhusu TASAF. Huu si mpango wa wazee, ni wa kunusuru kaya masikini, na kaya zinapendekezwa kwenye mkutano wa kijiji. Si kitu cha kwenda kuomba ofisini siku yoyote. Mkisikia utambuzi mpya unafanyika, mmoja wenu apande basi akahudhurie huo mkutano, kwa sababu mama mwenye magoti mabovu hatafika, na asiyefika husahaulika. Kama tayari ni mlengwa na hawezi kwenda kwenye malipo, muulizeni mratibu jinsi ya kumteua mtu wa kumpokelea. Ateuliwe rasmi. Nimesikia mara nyingi mno habari za mjukuu aliyepewa namba ya siri ya simu ya bibi "kwa msaada tu".

Suala la simu linahitaji uangalifu. Laini husajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole, na vidole vya mtu aliyelima migomba miaka sitini mara nyingine mashine haivisomi. Wengine wanaishia kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la jirani. Siku jirani akihama au mkikosana, hela ya mama imekwenda naye. Mkienda likizo, mpelekeni mama NIDA wilayani kabla ya kufikiria kupaka rangi nyumba.

Pensheni kwa wazee wote Tanzania Bara haipo. Zanzibar wanayo tangu 2016, kwa wenye miaka 70 na kuendelea. Ilianza na Sh20,000 kwa mwezi na sasa ni Sh50,000. Ndani ya Kagera hii hii, Nshamba wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa pensheni ndogo wazee, hasa bibi waliobaki wakilea yatima wa Ukimwi. Tathmini ya 2008 iliitwa kwa majina ya vitu vidogo ambavyo hela hiyo ilileta nyumbani: chumvi, sabuni, viatu vya shule. Huku Karagwe kuna Saidia Wazee Karagwe, SAWAKA, ambao wazee ndio shughuli yao. Waulizeni, na mliulize pia baraza la wazee la kijiji.

Ugomvi wa kibanja nitauandikia siku nyingine. Kwa sasa jueni tu kwamba tangu 2021 baraza la kata linasuluhisha, haliamui tena kesi ya ardhi. Mjane anayesukumwa mpakani amwone msaidizi wa kisheria mapema. Na makazi ya serikali ya Kiilima, Bukoba, ni kwa asiye na mtu kabisa. Mwenye watoto watano akipelekwa huko, afisa ustawi ataanza kwa kuomba namba zenu za simu.

Mkipiga simu Jumapili, msimuulize mama kama hajambo. Atasema hajambo. Muulizeni kahawa ya mwaka huu iko shambani au imeshauzwa. Mzee aliyekosa nauli ya hospitali huuza butura, kahawa ikiwa bado ua, kwa bei ya kutupa, na hatawaambia. Mkigundua ameuza, mmejua alikuwa na shida mwezi gani na ilikuwa kubwa kiasi gani.

Kwa msomaji wangu wa Mwanza: wewe Jumatatu mpigie mtendaji wa kijiji, muulize mambo mawili, kama jina la mama liko kwenye orodha ya matibabu na kama ana namba ya NIDA. Dada yako achukue jukumu la dawa, anunue za miezi miwili na kuzituma kwa basi. Na yule kaka ambaye hatumi hela, mpeni safari ya Rubwera.