Mlima haupandwi, lakini unalisha kijiji

Ukitaja Himalaya hapa kwetu, mtu anafikiria Everest tu: theluji, chupa ya oksijeni mgongoni, na wageni wenye kulipa dola makumi ya maelfu ili wapigwe picha juu kabisa. Ni kweli, wako. Lakini sisi wanne, tuliotoka Kivu kwenda Nepal kwa semina, tulipata siku moja tu ya kupumzika katika mji wa Pokhara. Dola hizo hatukuwa nazo, mapafu hayo pia hatukuwa nayo. Tulikuwa na viatu vya mjini na masaa kumi. Masaa hayo yalitosha, na ni juu ya hayo tunaandika.

Asubuhi taksi ilituacha Phedi, chini ya mlima. Kutoka pale kuko ngazi za mawe, jiwe juu ya jiwe, zinapanda mpaka kijiji cha Dhampus, karibu mita 1,650 juu ya bahari. Ngazi hizo hazina huruma. Mmoja wetu, ambaye nyumbani anajisifu kuwa mtoto wa milima, alikaa chini mara nne mbele ya saa tatu ya asubuhi. Mama mmoja alitupita akiwa na kikapu kirefu mgongoni, mkanda wake umepita kwenye paji la uso, wala hakuhema. Tulitazamana. Mkanda ule tunaujua. Mama wa mizigo wa Bukavu wanabeba vile vile, unga, makaa, mchanga, na mwingine alama ya mkanda inabaki usoni maisha yote.

Tofauti tuliiona mbele kidogo. Chini ya miti mikubwa kulikuwa jukwaa la mawe, wenyeji wanaliita chautari. Ukingo wake umejengwa kwa kipimo cha mgongo wa mtu: mbebaji anasimama, anaegemeza kikapu bila kukishusha chini, anapumua, anaendelea. Familia nyingi hujenga chautari kuwa ukumbusho wa marehemu wao. Kwetu marehemu anajengewa kaburi la simenti. Hatusemi ni vibaya, lakini mama mwenye kilo 50 mgongoni hawezi kupumzikia pale.

Dhampus ni kijiji cha Wagurung wengi, watu ambao vijana wao tangu zamani wanaingia katika jeshi la Uingereza, na kwa miaka mingi waliingia pia katika lile la India. Nyumba ni za mawe, na mapaa mengi pia ni ya mawe bapa. Njia haizunguki kijiji, inapita mlangoni mwa watu, kati ya kuku na mahindi yaliyotundikwa. Ndipo penye siri yote. Tulikunywa chai ya maziwa kwa mama mmoja ambaye kila mpita njia alimwita didi, maana yake dada mkubwa, kama sisi tunavyosema yaya. Mbele yake tulinunua ndizi kwa jirani, mchana tukala wali na dengu kwa mwingine, na kijana mmoja akatubebea mfuko kwa malipo. Jioni tulihesabu: pesa yetu kidogo ilikuwa imeingia milango mitano. Hakuna mlango mmoja uliochukua yote.

Kisha tulipanda tena, katikati ya msitu, mpaka uwanja wa nyasi wanaouita Australian Camp, kupita kidogo mita 2,000. Mawingu yakafunguka. Annapurna South, mita 7,219, na kando yake Machhapuchhre, mlima wenye umbo la mkia wa samaki, mita 6,993. Hatukusema neno kwa muda mrefu, na kwa watu wanne wa Kivu hiyo si jambo dogo.

Machhapuchhre haupandwi. Mwaka 1957 Waingereza waliukaribia, wakageuka wakiwa wamebakiza makumi ya mita tu, na kisha serikali ikaufunga, maana kwa wenyeji ni mlima mtakatifu wa Shiva. Hakuna anayeuza ruhusa ya kuukanyaga. Hata hivyo unalisha mama wa chai, kijana wa mfuko na mwenye ndizi, kwa sababu watu wanakuja kuutazama, na ili wautazame wanapaswa kupita nyumbani kwao kwa miguu. Kibali cha kuingia eneo la hifadhi ya Annapurna ni rupia 3,000 kwa mgeni, na mpango huo, ulioanza mwaka 1986, unafanya kazi pamoja na wanavijiji, haukuwafukuza ili wanyama wabaki peke yao. Sisi tunaotoka nchi ya hifadhi kubwa tunaelewa uzito wa neno hilo.

Sasa barabara imefika Dhampus. Mgeni anaweza kupanda gari, akapiga picha, akashuka mbele ya chai kuiva. Sarangkot, upande mwingine wa Pokhara, siku hizi watu wanapandishwa kwa kamba ya umeme. Wako wanaosema barabara zote hizo ni uharibifu. Sisi tunakataa. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kushushwa ngazi zile usiku, na hakuna mtalii mwenye haki ya kumwambia abaki hivyo ili picha iwe nzuri. Shida ni mahali trekta linapochimba barabara juu ya njia ya mawe yenyewe. Hapo mwenye miguu anakula vumbi, anaacha kuja, na chai inabaki jikoni. Barabara ipite kando, ngazi zibaki, na wanaokaa kando ya ngazi waulizwe kwanza. Kati ya Phedi na Dhampus ngazi bado ziko, na tuliwakuta watu juu yake.

Wengine watatuambia: nyinyi mna vita, mnaongea habari za matembezi? Nepal pia ilikuwa na vita, tangu 1996 mpaka 2006, na watu zaidi ya 13,000 walikufa. Askari wao watu wa Bunia wanawajua, tangu siku za MONUC. Kwetu amani kwanza, hilo halina mabishano. Lakini wakubwa wetu wakiongea utalii, wanaongea sokwe na volkano tu, na tikiti inakatwa mjini. Vijiji vya vilimani vinabaki kuangalia magari yakipita.

Tulishuka upande wa Kande, karibu saa moja ya mwendo. Yule mtoto wa milima alishuka akiwa mbele yetu wote, na mpaka leo anakana kwamba alikaa chini mara nne.