Orodha za shule: nani mwenye neno la mwisho?

Tazama buletini ya mtoto wako. Juu kabisa kuna mstari wa N° ID na visanduku vyake. Chini kidogo kuna nafasi ya kodi ya shule, kisha N° PERM, namba ambayo mwanafunzi angepaswa kubaki nayo hadi amalize masomo. Katika buletini nyingi visanduku hivyo viko tupu, mwaka baada ya mwaka. Sisi wazazi hatuulizi, tunakimbilia kuangalia asilimia.

Lakini si kwamba nchi inakosa watu wa kuhesabu. SERNIE kazi yake ni kutambulisha wanafunzi. SIGE inakusanya takwimu kwa fomu za ST1, ST2 na ST3: shule za watoto wadogo, za msingi na za sekondari. DINACOPE, iliyochukua nafasi ya SECOPE, inashika orodha ya walimu na mishahara yao. Wainspekta wanaandikisha watahiniwa wa Exetat. Ongeza hapo makoordinasyo ya Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbanguisti na Waislamu, yanayosimamia sehemu kubwa ya shule za serikali. Kila mlango una karatasi yake, na prefe ni yule yule anayekaa usiku na biki yake akijaza majina yale yale.

Huku mashariki, hilo si jambo la maofisa peke yao. Hata kabla ya Goma kuchukuliwa na M23 mwezi wa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, watoto wa Masisi na Rutshuru walikuwa wamehama shule mara mbili, mara tatu. Mtoto anafika Butembo, Kisangani au Kalemie mikono mitupu. Prefe anayempokea ana njia mbili: kumwamini kwa mdomo, au kumrudisha darasa la chini. Namba ambayo ingemsemea ilibaki kisanduku kitupu.

Na shule nazo zinahama. Walimu wanakimbia pamoja na wanafunzi wao, wanaazima jengo la wenzao na kufundisha mchana. Je, hiyo ni shule moja au mbili? Ofisi ya takwimu inaweza kuangalia jengo na kuhesabu moja. Ofisi ya mishahara inaangalia kodi ya zamani, ya kijiji ambacho hakina mtu tena. Katikati ya majibu hayo mawili ndipo mwalimu anapotoka kwenye listi. Tangu masomo ya msingi yatangazwe kuwa bure mwaka 2019, mwalimu asiyekuwemo kwenye listi hana mahali pengine pa kudai.

Jibu linalopendwa ni programu mpya. Mfadhili analeta tableti, semina inafanyika hotelini, picha zinapigwa. Sipingi tableti. Ninachopinga ni kuzigawa kabla hatujakubaliana kitu kidogo kabisa, kama jina la mtoto. Mkongo ana nom, postnom na prénom. Programu iliyotengenezwa ng'ambo mara nyingi ina nafasi mbili tu. Huyu anaacha postnom, yule anaiunganisha na nom, na mtoto mmoja anageuka wawili. Hapo hakuna fundi wa kompyuta anayeweza kuamua. Lazima kuwe na mtu mwenye haki ya kusema: tunaandika hivi, nchi nzima, na anayetaka kufanya kazi na shule zetu afuate.

Mtu huyo ndiye anayekosekana. Wenzetu wa afya walipiga hatua. Vituo vinatuma ripoti ya kila mwezi kwa fomu ya taifa, na takwimu zinaingia katika DHIS2, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Zone de santé ni 519, na orodha inajulikana. Dosari zipo, muulize muuguzi yeyote wa kijijini. Hata hivyo mfadhili akienda Karisimbi au Fizi anaikuta ramani tayari, hachori yake.

Elimu inahitaji kamati ya kudumu yenye uwezo wa kukataa. Huduma zote hizo zikae humo, pamoja na makoordinasyo, sindika za walimu, wajumbe wa wazazi na, tafadhali, prefe mmoja anayetoka mahali pasipo na umeme. Maana ya kila neno iandikwe wazi na itangazwe. Mabadiliko yafanyike mara moja kwa mwaka, kabla ya Septemba, si katikati ya mitihani. Anayetaka kuongeza swali kwenye fomu aonyeshe lipi litaondolewa.

Kamati hiyo iamue pia nini kisiulizwe. Katika vita, listi ya watoto yenye mahali pa asili na makao ya familia ni silaha mkononi mwa mtu mbaya. Sheria ya mambo ya dijitali ya Machi 2023 inagusa ulinzi wa habari za mtu binafsi, lakini prefe atakayeambiwa na mwenye bunduki atoe rejista hatalindwa na sheria hiyo. Kitakachomsaidia ni rejista yenye mambo machache.

Kazi ya kwanza inaweza kuwa ndogo sana na isihitaji intaneti: orodha moja ya kodi za shule, pamoja na zile zilizohama, ibandikwe ukutani katika kila sudivizio ya elimu. Prefe apite, atafute shule yake, na kama haimo aandike malalamiko siku hiyo hiyo.