Mlango Ule Ule wa Sindano

Bruxelles, Ubelgiji

Kwa ndugu na jamaa wa Kalemie,

Huku Ubelgiji mtu akikosa usingizi wiki tatu, huanzia kwa daktari wa mtaa, yule yule anayetibu kikohozi cha watoto wake. Katika vituo vingi mshauri wa nafsi yumo jengo hilo hilo. Siku ya kwanza kwa mshauri huyo mgonjwa halipi kitu; zinazofuata ni yuro 11, na tangu Februari 2024 vijana walio chini ya miaka 24 hawalipi kabisa.

Faida kubwa iko kwenye ule mlango. Anayeuingia, jirani hajui kama amefuata sindano au mtu wa kumsikiliza. Kalemie jambo hilo lina uzito, maana jina la kichaa likishamshika mtu, kulivua ni kazi.

Na mji huo umebeba mengi. Mapigano ya Batwa na Baluba ya 2016 na 2017 yalijaza wakimbizi Katanika na kambi nyingine kandokando ya mji. Mwanzoni mwa 2025 watu walishuka tena kutoka kwenye maboti, wakiikimbia Uvira. Mama wa namna hiyo hufika kituo cha afya akilalamikia kichwa na moyo kwenda mbio. Anapimwa presha, anapewa parasetamoli. Wiki ijayo yuko tena kwenye benchi, karatasi mkononi. Hakuna aliyemuuliza: “Usiku unalalaka?” Angejibu: “Mawazo ni mingi.”

Tiba yake imekwisha kujaribiwa Kivu, kwa wanawake 405 walioguswa na ukatili wa ngono. Matokeo yalitolewa 2013. Wengine walisaidiwa mmoja mmoja. Wengine walikaa kwa vikundi, wakijifunza kuyakabili mawazo yanayowatesa. Walioongoza hawakuwa madaktari, bali wasaidizi wa Kikongo waliosoma angalau miaka minne ya sekondari na kupewa mafunzo. Miezi 6 baadaye, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 kwenye vikundi, na asilimia 42 kwa wenzao.

Harare nako, tangu 2006, mabibi waliofundishwa huketi na wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati.

Basi, wajumbe wa CODESA, kamati ya wananchi ya eneo la afya, kikao kijacho ombeni chumba kimoja chenye mlango unaofungika, na mtu mmoja aliyefundishwa, hata kwa siku mbili za juma. Nasi tunaotuma pesa za dawa, tuchangie mafunzo yake.