Samaki wa mapambo: tuchague sisi, tusichaguliwe na soko

Kuanzia Diani hadi Shimoni, wazamiaji wamekuwa wakikamata samaki wa mapambo kwa miaka mingi, na mzigo husafirishwa hadi Ulaya na Marekani. Mjadala wetu huishia kwenye leseni. Swali lenyewe ni: samaki yupi afaa kutolewa baharini?

Tutazame wanaoishi chini. Kuna visamaki vya mchangani vinavyokaa shimo moja na kamba: kamba huchimba, samaki hulinda mlango. Wawili hao huelewana hata ndani ya tangi. Lakini chewa mchanga akikua humeza wenzake, na mkundaji, aliyezoea kufukua mchanga kutwa, asipolishwa mara kwa mara hudhoofika. Samaki akifa kule, mwenye tangi huagiza mwingine, na mzamiaji hurudi mwambani.

Kanuni za mwaka 2007 ziliziruhusu BMU kutunga sheria ndogo. Basi za Diani na Msambweni ziketi na wazamiaji, waandike orodha: huyu atoke, huyu abaki. Chewa na mkundaji ni kitoweo chetu. Wakiondolewa wangali wachanga, malema yetu yatarudi matupu.