Intel au AMD? Tuulize Kwanza Kazi

Sisi mafrateri wa Falsafa tuna mjadala usiokwisha: kompyuta ya mezani ikinunuliwa, iwe na prosesa ya Intel au ya AMD? Kila upande una mashabiki wake, nao hubishana kama watu wa Simba na Yanga. Ungekuwa utani tu kama fedha zingekuwa zetu. Lakini kompyuta za maktaba ya seminari hununuliwa kwa sadaka za waamini, na wengi wao ni wakulima ambao shilingi elfu kumi si fedha ndogo kwao. Ndiyo maana tunaona ni haki kusema wazi: ushabiki wa kampuni una gharama, na gharama hiyo tunawabebesha wao.

Tuanze na historia fupi. Hadi mwanzoni mwa 2017, prosesa za kawaida za Intel kwa kompyuta za mezani, hata zile za Core i7, hazikuzidi viini 4. Kiini ndicho sehemu inayofanya kazi ndani ya prosesa. Vikiwa vingi, kazi nyingi huenda kwa pamoja. Aliyetaka viini 8, kama vya Core i7-6900K, alilipa zaidi ya dola 1,000. Machi mwaka huo AMD ikaleta Ryzen 7 1800X yenye viini 8 kwa dola 499. Ilipofika Oktoba, Intel nayo ilikuwa imetoa Core i7-8700K yenye viini 6. Kilichokosekana kwa miaka kikapatikana ndani ya miezi michache, kwa sababu mshindani alikuwa ameingia sokoni.

Mashabiki wa AMD wasishangilie mapema. Mwaka 2020, kampuni yao ilipokuwa mbele, ilitoa Ryzen 5 5600X kwa dola 299, wakati mtangulizi wake, 3600X, alikuwa ameanza kwa dola 249. Januari 2022 Intel ikajibu kwa Core i5-12400 yenye viini 6, bei elekezi dola 192. Miezi mitatu baadaye AMD ikaleta Ryzen 5 5600 kwa dola 199. Funzo ni lile lile: aliye mbele hupandisha bei, aliye nyuma huishusha. Hakuna aliye rafiki yetu kati ya hao wawili. Anayefaidika ni mnunuzi asiyejifunga kwa yeyote.

Hatari ya pili ni majina. Wengi wetu tunaamini kwamba i7 ni bora kuliko i3 siku zote, na wauzaji wa kompyuta za mtumba wanalijua hilo vizuri. Lakini Core i3-12100 ya 2022, iliyoanza kwa dola 122, inaishinda Core i7-7700K ya 2017, iliyouzwa zaidi ya dola 300. Zaidi ya hayo, i7 hiyo haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa matunzo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Gigahezi nazo hudanganya. Mwaka 2006 Core 2 Duo E6600 yenye gigahezi 2.4 iliipita Pentium 4 yenye 3.8, na zote mbili ni za Intel. Namba ina maana ukilinganisha prosesa za kizazi kimoja. Nje ya hapo, tuangalie vipimo vya kazi halisi.

Darasani tunafundishwa kwamba chombo hupimwa kwa lengo lake: kisu kizuri ni kile kinachokata. Basi kompyuta ya maktaba inakata nini? Inaandika insha, inafungua vitabu vya PDF, inaingia mtandaoni, inaonyesha video ya mhadhara. Kwa kazi hizo, Core i3-12100 inatosha kabisa, na Ryzen 5 5600G yenye viini 6 inatosha na kubaki. Kinachoichelewesha kompyuta ya namna hii mara nyingi ni diski ya zamani inayozunguka na RAM ndogo. Kwa bei elekezi za mwanzo, tofauti kati ya i3-12100 na i5-12400 ni dola 70. Kwa kompyuta 20 hizo ni dola 1,400. Fedha hizo zingenunua SSD na RAM ambazo kila msomaji angeziona faida yake tangu anapowasha mashine.

Tena, bei ya prosesa si bei ya kompyuta. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni ni nafuu kwa sababu hazina sehemu ya kutoa picha kwenye skrini. Ryzen 5 5600 nayo haina. Ukiinunua kwa furaha ya punguzo, utarudi dukani kutafuta kadi ya picha. Kuna pia ubao mama, ule ambao prosesa hupachikwa juu yake. Hapa AMD inastahili sifa: bodi nyingi za AM4 zilizotoka 2017 ziliweza kupokea hata Ryzen 5000 baada ya kusasishwa. Anayetarajia kubadilisha prosesa baadaye alihesabu hilo.

Tunajua jibu la baadhi ya ndugu zetu: rahisi inavunja upishi. Ni kweli kwa vitu vya hovyo, na kwa kazi nzito pia. Kompyuta moja ya kuhariri video za jubilei na upadirisho inahitaji viini vingi, na hapo tusibane fedha. Lakini ughali nao si dhamana. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikidhurika kwa volteji iliyozidi, ikaongeza miaka 2 ya udhamini. Waliolalamika wengi walikuwa wamenunua zile za bei ya juu.

Tunapendekeza kwa walezi wetu na kwa parokia zinazojipanga kununua: iandikwe kwanza kazi ya kila kompyuta, kisha ziombwe bei za mashine nzima kwa kampuni zote mbili, siku moja, SSD na RAM zikiwemo. Ile inayotimiza kazi kwa fedha kidogo ichukuliwe, iwe ya Intel au ya AMD. Kinachobaki kiongeze kiti kingine maktabani, maana sasa hivi wapo wanaosubiri zamu.