Tatuu ya pili: simba, taji au nembo ya bibi?

Leo sina umbeya wa mtu. Nakuletea yangu mwenyewe.

Nataka kuchora tatuu nyingine. Nasema nyingine kwa sababu ya kwanza ninayo, na ndiyo iliyoniponza. Nilipomaliza kidato cha nne, mapenzi yamenipanda kichwani, nilichorwa jina la binti mmoja karibu na kiganja cha kushoto. Herufi ndogo kama za gazeti hili. Binti kaolewa, ana watoto wawili, lakini jina lake bado naoga nalo.

Hilo ningevumilia. Kilichoniuma ni usaili wa kazi moja ya sare. Mbio nilishinda, vyeti safi. Tulipoambiwa tunyooshe mikono, jamaa akanitazama, akasema, "Wewe kaa pembeni." Mpaka leo niko pembeni. Na tangazo lilisema wazi kuwa hawataki mwenye michoro mwilini, ila mimi nilisoma umri na urefu tu.

Sasa utaniuliza, mtu kama huyo anataka tatuu nyingine ya nini? Tulia.

Bibi yangu mzaa mama ni Mmakonde wa Newala. Mashavuni ana chale, mistari iliyokunjwa kama V zilizopandana. Alichanjwa akiwa msichana, kwa kisu na mkaa, bila ganzi. Kwao zinaitwa dinembo. Tukiwa wadogo tulikuwa tunazipapasa kwa vidole mpaka tunasinzia. Siku hizi ngozi imelegea, mistari inazama kwenye makunyanzi. Wanawe hakuna aliyechanjwa. Akiondoka, anaondoka nazo.

Basi nikaenda kwa fundi mmoja wa huku kwetu Mbagala. Akanionyesha picha za simba, mataji na maneno ya Kiingereza. Nikamwambia ya bibi. Akasema hiyo bomba, mistari minene meusi inaonekana vizuri kwenye ngozi yetu. Akanieleza kwamba wino unakaa kwenye tabaka la pili la ngozi, na miaka ikienda unatanuka kidogo kidogo, ndiyo maana herufi ndogo huishia kuwa doa. Vidoleni na viganjani unafifia upesi. Na kama wewe ni wa makovu ya kuvimba, fikiria mara mbili, hasa begani na kifuani. Nikamkazia kuwa sindano mpya aifungue mbele ya macho yangu, na wino aumimine kwenye kikombe kipya. Homa ya ini na Ukimwi havina mshikaji.

Akanipa wazo la kuiweka juu ya lile jina. Mchoro mkubwa na mweusi zaidi unalifunika, kwisha kazi. Nikaona dili hilo, nikaenda kumweleza bibi.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndiyo utani wetu, "unataka kunilaza mimi juu ya jina la mke wa watu?"

Nikaishiwa maneno. Nikasema basi bibi, naiweka juu ya mkono, mahali mkono wa shati unapofunika, ili nikienda kutafuta kazi ya ofisini wasiione.

Akanyamaza, kisha akasema, "Yangu niliwekwa usoni ili watu wanijue. Yako unaificha."

"Nitaifunua nikitaka, bibi."

Hakucheka. Akaushika mkono wangu, akaweka kidole changu shavuni pake. "Haya, hesabu vizuri. Usiongeze wala usipunguze."

Nimehesabu, nimechora kwenye karatasi, akapapasa karatasi kana kwamba ataiona kwa vidole. Sasa kila asubuhi naichora mkononi kwa kalamu ya wino, mwezi mzima, nione kama nitaichoka. Leo ni siku ya 19. Sijaichoka. Ila lile jina la kushoto nimeliacha palepale, linikumbushe kusoma matangazo mpaka mwisho.

Wiki ijayo panapo majaliwa, hapa hapa. Na wewe unayetaka kuchora jina la mtu, mpigie simu kwanza uone kama anapokea.